Maunteni ya Kwanza: Uainishaji kwa Kuzingatia Mabaki

1.0 Usuli wa tatizo

Wanaojishughulisha na elimu ya maunteni mjini Morogoro wamegawanyika katika kambi mbili. Kambi ya kwanza hukaa ndani ya duka, penye feni, na huainisha baiskeli kwa jinsi zinavyong'aa. Kambi ya pili hukaa nje, chini ya mti, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, na haina muda wa kuainisha kitu, inatengeneza. Makala haya yanakusudia kuipatia kambi ya pili nadharia, maana vitendo inavyo tele.

Tatizo lenyewe ni hili. Mtu mzima mwenye akili zake, ambaye sokoni huchagua nazi kwa kuitikisa sikioni na kamwe hauziwi nyanya zilizopondeka, akisimama mbele ya safu ya maunteni mpya hupotewa na busara yote. Hugusa stika. Hukandamiza shokapu mara mbili tatu, akaiona inashuka na kupanda, akatabasamu. Kisha huuliza swali ambalo kambi ya kwanza imelisubiri tangu asubuhi: "Ina gia ngapi?" Akiambiwa ishirini na moja, mjadala wa kitaaluma huishia hapo na yanayobaki ni ya bei.

Dhana yetu tunaiweka mezani mapema ili msomaji mwenye haraka aende zake. Kila maunteni ya bei ya chini, ikiachwa mikononi mwa mwenyewe na fundi wake, hugeuka taratibu kuwa Phoenix, ile baiskeli ya chuma ya gia moja. Springi za mbele huganda kwa kutu. Gia hukataa kupanda, kisha hukataa kushuka, na hatimaye fundi huifunga cheni kwenye gia moja ya katikati, kwa ridhaa ya mwenyewe. Keria hufungwa nyuma kwa sababu debe la mahindi halibebeki mgongoni. Madigadi hufuata masika ya kwanza, baada ya shati jeupe kuchorwa mstari wa tope kuanzia kiunoni hadi kisogoni. Kengele huja yenyewe. Mwisho wa yote unamkuta mtu anaendesha Phoenix, ila ni Phoenix iliyomgharimu zaidi na isiyo na chuma cha Phoenix. Mchakato huu tunauita Mrejeo. Uainishaji wote unaofuata umesimama juu yake: hatuzipangi maunteni kwa sura ya siku ya kununuliwa, tunazipanga kwa kile kinachobaki baada ya masika mawili.

1.1 Upeo na mipaka

Utafiti unahusu baiskeli ambayo mtu mzima anainunua kwa fedha yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza, na kwa bei ambayo anaweza kumtajia mwenzi wake bila kupunguza tarakimu. Baiskeli za watoto hazimo. Za mashindano ya barabarani hazimo. Zile za mazoezi zisizokwenda popote, zinazokaa sebuleni zikianikiwa kanga, ni mali ya idara ya samani.

Morogoro iliteuliwa kwa usampulishaji lengwa. Milima ya Uluguru inaonekana kutoka karibu kila kibaraza, na njia ya kupanda Morningside huanza mjini na kuishia kwenye mawe, makorongo na nyumba ya zamani iliyojengwa enzi za Wajerumani. Upande wa pili wa mji kuna Kihonda, tambarare na vumbi. Mnunuzi wa maunteni hapa hawezi kujitetea kwamba mlima haupo, wala hawezi kudai kwamba anaishi juu yake.

2.0 Mapitio ya maandiko

Maunteni haikuzaliwa dukani. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin County, jimboni California, walikuwa wakizipandisha baiskeli kuukuu hadi juu ya mlima Tamalpais na kuteremka nazo kwa kasi ya kutafuta kifo. Zilikuwa chuma kizito cha zamani, nyingine za Schwinn, zenye matairi manene, gia moja, na breki ya kukanyaga kinyume. Breki hiyo hukaa ndani ya habu ya nyuma. Mteremko mmoja ulitosha kuichemsha grisi yote ikatoka moshi, na ilibidi habu ifunguliwe na kushindiliwa grisi upya kabla ya kuteremka tena. Mashindano yao, yaliyoanza Oktoba 1976, yakaitwa Repack kwa sababu ya kazi hiyo ya kushindilia grisi.

Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda baiskeli iliyokusudiwa tangu mwanzo kwa kazi hiyo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua kampuni, wakiuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey. Mwaka 1981 Specialized wakatoa Stumpjumper, na maunteni ikaanza kutengenezwa kiwandani kwa wingi. Hapa msomaji apige mstari: uma wa shokapu wa RockShox ulijitokeza mwaka 1989. Yaani miaka 13 mizima watu waliporomoka milima bila springi hata moja. Katikati ya miaka ya 1980 binamu wawili Waingereza, Nicholas Crane na Richard Crane, walifika na maunteni zao kilele cha Kilimanjaro, mara wakiziendesha, mara wakizibeba, na shokapu ya mbele bado ilikuwa ndoto ya mhandisi. Mkazi wa Kihonda anayesema hawezi kwenda gengeni bila shokapu mbele na nyuma anaombwa kuyasoma maandiko haya kwa utulivu.

Kwa jicho la nadharia yetu, zile baiskeli za Repack zinavutia kwa namna ya pekee. Nzito, tairi nene, gia moja, breki moja: zilikuwa zimeshakamilisha Mrejeo kabla hazijaanza safari.

3.0 Mbinu za ukusanyaji data

Data ilikusanywa kwa kukaa. Vifaa vilikuwa spana namba 15, sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, na kidole gumba. Watoataarifa walikuwa mafundi, wateja wao, na wapita njia ambao hawakuombwa maoni. Maadili ya utafiti yalizingatiwa: hakuna mteja aliyechekwa kabla hajaondoka.

4.0 Jamii za maunteni

4.1 Maunteni-Tamasha

Hii ndiyo jamii kubwa kuliko zote, na ndiyo inayowanasa wanunuzi wengi wa mara ya kwanza. Makazi yake ni dukani, ikiwa mpya, kila bomba limeviringishiwa plastiki. Rangi ni nyekundu na nyeusi, au njano ya kuumiza macho. Stika zake huahidi nguvu, kasi na ushindi kwa herufi zilizoinama kana kwamba zinakimbia. Fundi mkuu wa uwandani ana kanuni yake, ambayo tunainakili bila kuihariri: "Bosi, maneno yakiwa mengi, chuma kidogo."

Kianatomia, Tamasha ina shokapu mbele, mara nyingi na nyuma, breki za diski, na zile gia 21. Anatomia hii inapotosha. Shokapu yake ya mbele ni springi tu ndani ya bomba, bila mafuta wala chochote cha kuituliza. Ukiikandamiza inarudi kwa hasira. Shimoni inadunda, lami inakulia nguvu, na masika yakiingia ndani ya bomba hugeuka kutu. Huganda. Balaa ni kwamba baadhi huganda zikiwa zimebonyea, na mwenyewe hubaki ameinamia mbele maisha yake yote, akionekana mwenye haraka hata anapokwenda kwa mkwewe.

Shokapu ya nyuma ni msiba unaostahili tanga lake. Mpanda baiskeli akikanyaga pedeli, sehemu ya nguvu aliyoitoa huenda kuifinya springi badala ya kuzungusha tairi. Tumewaona watu wakipanda kuelekea Bigwa huku wakishuka na kupanda juu ya kiti, wakimwitikia kila mtu njiani kwa kichwa bila kukusudia. Isitoshe, pale fremu inapokunjika pana bushi ndogo. Zikilika, nyuma ya baiskeli huanza kuwa na mawazo yake binafsi. Spea ya bushi hizo haipo. Fundi hupachika kipande cha tairi la gari, na hapo Mrejeo umeanza rasmi.

Diski tunaitendea haki: kama mfumo, breki hii ni nzuri, na kwenye tope inaishinda ile ya kubana ringi. Lakini diski ya bei ya chini hupinda kwa kuegeshwa vibaya ukutani, kisha huimba. Na zile pedi zake zikiisha, msako huanza: duka la kwanza hawana, la pili wana za aina nyingine, la tatu wanashauri uagize Dar. Mipira ya breki za kubana ringi inauzwa karibu kila duka la spea, na hata mtoto anaweza kutumwa akairudisha ile yenyewe.

Sasa gia. Mtafiti aliyekaa karibu na cheni, akahesabu meno moja moja, alikuta mpangilio ambao ni wa kawaida sana katika jamii hii: mbele 24, 34 na 42, nyuma 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Tatu mara saba ni 21, hilo hatulipingi. Lakini gawa. Meno 42 ya mbele kwa 28 ya nyuma ni 1.5, maana yake pedeli ikizunguka mara moja, tairi la nyuma linazunguka mara moja na nusu. Meno 24 kwa 16 nayo ni 1.5, bila kuzidi wala kupungua. Gia moja imeuzwa mara mbili. Endelea: 24 kwa 14 ni 1.71, 34 kwa 20 ni 1.70, 42 kwa 24 ni 1.75. Hizi ni gia tatu ambazo mguu wa binadamu hauwezi kuzitofautisha, hata mguu uliosoma. Ukifuta zinazojirudia, na zile ambazo cheni inakwenda mshazari hadi inalia, unabaki na kumi na mbili hivi. Kihonda hutumia mbili. Morningside hutumia moja, ile nyepesi kuliko zote, kisha mtu hushuka na kukokota.

Kiungo kinachoamua umri wa Tamasha hakina stika wala muuzaji hakitaji. Ni ekseli ya nyuma. Katika baiskeli hizi, gia za nyuma hukaa kwenye frewili inayofungwa kwa kuzungushwa juu ya habu, na kwa ajili ya kuipisha, gololi za upande huo hukaa ndani sana, mbali na fremu. Kipande kirefu cha ekseli hubaki hewani bila kitu cha kukishikilia. Gia zikiwa saba, kipande hicho kinakuwa kirefu zaidi kuliko kwenye baiskeli ya gia moja. Weka keria, weka debe, weka na shemeji juu yake. Ekseli hupinda, na siku moja hukatika ikitoa mlio mdogo usiolingana na hasara yake. Habari njema ni kwamba ekseli ni bei ndogo na fundi huibadilisha mteja akisubiri.

4.1.1 Spishi ndogo: Kinyumenyume

Tamasha husafirishwa kwenye boksi ikiwa vipande, na huunganishwa dukani na kijana ambaye hana spana zote. Matokeo yake ni spishi ndogo ya kuvutia ambayo uma wake wa mbele umegeuzwa, mbele ikawa nyuma. Kwenye uma wa shokapu dalili ni rahisi kuiona: lile tao linalounganisha miguu miwili ya uma kwa kawaida hutazama mbele ya safari. Kwenye Kinyumenyume linamtazama mpandaji.

Mtoataarifa mmoja, mzee wa makamo ya juu, alifika benchini akiisukuma ya kwake, mpya kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie hii. Ikiteremka inakuwa na papara."

Fundi akaizunguka mara moja, akachuchumaa. "Mzee wangu, hii umepewa imegeuzwa uso. Uma unatazama nyuma."

"Ndivyo nilivyoikuta dukani. Nikadhani ndiyo ya kisasa."

"Na breki ya mbele wamekufungia waya mfupi kwa ajili hiyo hiyo. Ukikata kona, waya unajivuta wenyewe."

Mzee akafikiri. "Yaani nikikata kona inafunga breki yenyewe?"

"Ndiyo mzee."

"Mimi nikamwambia mke wangu ina akili."

Uma uligeuzwa kwa muda mfupi kuliko ulioutumia mjadala uliofuata juu ya kama kulikuwa na haja ya kulipia. Ikumbukwe kwamba ukigeuza uma, tairi la mbele husogea nyuma, usukani hubadilika tabia, na kwa baadhi ya fremu ncha ya kiatu hugonga tairi kwenye kona. Wanunuzi wengi wa Kinyumenyume huishi nayo miaka, wakijilaumu kwamba hawajui kuendesha.

4.2 Mtumba

Jamii hii hushuka kwenye makontena kutoka Ulaya na Japani. Yenye asili ya Japani hutambulika kwa kibandiko kidogo cha usajili kwenye fremu, ambacho hapa hakimsajili mtu yeyote. Haing'ai. Cheni ni kavu, kiti kimechanika, pedeli moja imevunjika. Mnunuzi wa mara ya kwanza huipita akielekea kwa Tamasha, na sisi hatumzuii, maana anapunguza foleni.

Msimamo wa makala haya, ambao haukutafutiwa uwiano wowote, ni kwamba maunteni ya kwanza inayofaa zaidi iko humu. Tafuta ile ya miaka ya 1990: fremu ya chuma cha aloi, ambacho ni chembamba na chepesi kuliko kinavyoonekana, uma mgumu usio na springi, breki za kubana ringi, tairi namba 26. Hii haina kitu cha kupoteza katika Mrejeo. Ilikuwa pale Mrejeo unapoishia tangu ilipotoka kiwandani, na ilitengenezwa na watu waliokusudia ishuke mlima. Fremu ya chuma ikipasuka, fundi wa kuchomelea yupo jirani. Fremu ya alumini ikipasuka, inahitaji mtambo wa gesi ya argoni na mtu anayeujua. Barabarani watakuchomelea kwa imani tu. Ndiyo maana sumaku imo kwenye vifaa vyetu. Ikinata ni chuma, isiponata endelea kuuliza maswali. Tamasha nayo hunata mara nyingi, hivyo baada ya sumaku inyanyue: chuma cha Tamasha ni kinene na kizito kama bomba la maji.

Mtumba nao una ila zake. Ringi iliyobanwa na breki miaka mingi hulika ubavuni ikawa na bonde. Pitisha kidole gumba, na ukilihisi bonde hilo punguza bei au ondoka, kwani ringi hiyo inaweza kupasuka ukiijaza upepo. Fremu nyingi zilikatwa kwa vipimo vya watu warefu wa Ulaya. Na kuna suala la mikono ambalo halitajwi sana: baiskeli za Uingereza na Japani huwa na breki ya mbele mkono wa kulia, za Ujerumani na majirani zake huwa nayo kushoto. Mtu aliyezoea moja akapewa nyingine, siku ya dharura atabana ile isiyokusudiwa na kutua mbele ya baiskeli yake. Fundi anaweza kuzibadilisha waya. Aombwe kabla ya mteremko.

4.3 Chotara

Huzaliwa benchini. Fremu ya mtumba, ringi za Tamasha aliyekufa, pedeli za Phoenix, kengele isiyojulikana ilikotoka. Ni nzuri kuliko sura yake na bei yake inajadilika. Sharti ni moja: ununue kwa fundi ambaye kesho utamkuta palepale, mbele ya mashahidi, na kwa maandishi, kwa sababu mmoja wa wazazi wa Chotara huenda aliibwa.

4.4 Maunteni Halisi

Hizi ni za ngazi ya chini katika orodha za kampuni kubwa za baiskeli, na hazipatikani kwa wingi nje ya miji mikubwa kama Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, au kwa mgeni wa mradi anayefungasha kurudi kwao. Ni baiskeli njema. Habu zake mara nyingi huwa za kaseti, zinazoweka gololi karibu na fremu, hivyo ekseli haipindi ovyo. Breki zake hubana kwa kidole kimoja. Mwenye fedha na aliye karibu na duka lake asibishane na makala haya.

Aliye mbali na duka lake, asome tena. Breki hizo mara nyingi huendeshwa kwa mafuta, na mafuta yenyewe ni ya aina mbili zisizopatana: baadhi hutaka mafuta ya madini, nyingine hutaka yale ya breki za gari, na ukikosea unaharibu sili zote ndani. Tairi zake ni 27.5 au 29. Ringi ya 29 ina kipenyo cha milimita 622 mahali tairi linapokalia. Ile ya 28 ya Phoenix ina milimita 635. Zinatofautiana kwa upana wa kidole kidogo, na kidole hicho kinatosha kukulaza njiani. Kisha valvu. Halisi nyingi huja na valvu nyembamba yenye kichwa cha kufungua kwa vidole, ambayo pampu ya kituo cha mafuta huitazama bila kuielewa. Valvu nene inayofanana na ya gari hujazwa popote penye kompresa. Katika nchi ya miba ya migunga, hili ni jambo zito kuliko gia zote 21.

5.0 Vipimo vya uwandani

Kwanza kimo. Muuzaji akiulizwa namba ya baiskeli hujibu ishirini na sita, na anasema kweli, ila hiyo ni namba ya tairi. Mwenye futi tano na mwenye futi sita wote huuziwa ishirini na sita. Simama, bomba la juu likiwa katikati ya miguu, nyayo zote mbili chini. Pabaki nafasi ya vidole vichache kati yako na bomba. Kisha kaa, kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Watu wengi huweka kiti chini ili wafikishe miguu ardhini wakiwa wamekaa, halafu husingizia magoti, umri na wakwe zao.

Shika breki ya mbele, isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukihisi kugongagonga shingoni, gololi za usukani zimelegea au zimekwisha. Inyanyue nyuma, zungusha tairi, tazama nafasi kati ya ringi na mpira wa breki. Ringi inayoyumba kidogo hunyooshwa kwa kukaza spoku, inayoyumba sana imeshaona mengi. Lishike tairi juu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, habu inataka kukazwa, au gololi zake zimegeuka unga. Legeza pedeli zote mbili kwa spana namba 15, ukikumbuka kwamba ya kushoto hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kulia. Pedeli iliyolazimishwa upande usio wake wakati wa kuunganishwa dukani imeshakula nyuzi za mkono wake, na itadondoka siku ambayo huna spana.

Muuzaji akikuzuia kufanya haya kwa sababu "utaichafua," kipimo kimekamilika.

6.0 Wanunuzi

Tulikusudia kuwaainisha kwa kina, lakini data ilielemea upande mmoja. Wengi ni wale walioambiwa na daktari wapunguze sukari au presha. Hawa hununua Tamasha yenye kiti kipana, huendesha wiki ya kwanza kwa bidii ya mfungo, na baiskeli zao ndizo mtumba bora wa mwaka unaofuata. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe hununua walichoachiwa na waliohitimu, na hawana la kuchagua.

Anayestahili kuchunguzwa na wasomi wajao ni muuza mikate. Yeye hununua maunteni ya mtumba, na kabla hajaitoa kwa fundi hung'oa vihamisha-gia vyote, hufunga keria ya nondo, hubadilisha spoku za nyuma kwa zile nene, huweka madigadi na stendi ya miguu miwili. Hufanya Mrejeo wote kwa asubuhi moja, kwa bei ya jumla, na saa sita mchana anauza mikate.

7.0 Maeneo yanayohitaji utafiti zaidi

Lipo jambo moja ambalo nadharia yetu imeshindwa kulieleza, nalo ni plastiki. Mnunuzi wa Tamasha haondoi plastiki iliyoviringishiwa mabomba ya fremu. Huiacha mwezi, huiacha mwaka, huifunga upya kwa gundi ya karatasi inapochanika. Maji ya mvua huingia chini yake na hayatoki. Rangi huvimba, kutu hutambaa kimya kimya, na fremu huoza ikiwa bado ina vazi la dukani. Mafundi wamejaribu kuiondoa wakakemewa. Mteja mmoja alipoulizwa anaitunza kwa ajili ya nini, alijibu kwamba siku akitaka kuiuza, mnunuzi ataona ni mpya.